Kujiandaa kwa Usaili wa Uhandisi Mwandamizi wa Programu

(Hotuba iliyotolewa mbele ya wanafunzi wa zamani na wanafunzi wa sasa, Makurunge, Bagamoyo)



Kamati imenitaka niseme juu ya usaili wa kazi, na hasa usaili wa cheo cha mhandisi mwandamizi wa programu za kompyuta. Sababu yake wengi wenu mnaijua. Tunao wenzetu walioandika programu kwa miaka minane, miaka kumi, na kazi za mikono yao zinatumiwa na watu kila siku. Walakini kila wakiitwa kusailiwa kwa cheo cha juu hurudi mikono mitupu. Mimi nimekaa pande zote mbili za meza ile, upande wa kuulizwa na upande wa kuuliza, na nitasema niliyoyaona huko.

Kwanza tukubali kwamba kazi hii ni ngeni kwetu. Kompyuta ya kwanza ya Serikali yetu, ya aina ya ICT 1500, iliwekwa Wizara ya Fedha mwaka 1965. Mwaka 1974 Serikali ikapiga marufuku kuingiza kompyuta nchini, na ilichukua miaka mingi mlango ule kufunguliwa tena. Kwa hiyo mtoto wa mwalimu huweza kumwuliza baba yake namna ya kusailiwa ualimu, na mtoto wa nahodha akauliza habari za chombo, lakini ni wachache mno wenye baba au mjomba wa kuwaambia jopo la wahandisi linataka kusikia nini. Tunajifunza wenyewe kwa wenyewe, na tunajifunza kwa kukataliwa.

Pili, ipo methali moja ambayo naona inatugharimu. Sote tumelelewa kwayo: kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Sokoni ni kweli. Embe zuri halihitaji mpiga kelele. Lakini programu haionekani. Ukiwa umeandika sehemu ya mtambo wa kupitisha fedha, na fedha zikapita salama kwa miaka mitatu, hakuna hata mtu mmoja atakayeona kitu. Kadiri kazi ilivyo nzuri ndivyo isivyoonekana. Jopo lina dakika 45 au saa moja, halijakuona ukifanya kazi, na kitu pekee kilicho mbele yao ni maneno yako.

Miaka kadhaa iliyopita tulimsaili ndugu mmoja, kijana wa pwani hii hii. Jina lake silitaji, wala kampuni siitaji. Kwa muda wote alisema "tulifanya". Tulihamisha hesabu za wateja kutoka mtambo wa zamani, tulipunguza muda wa kusubiri, tulirekebisha hiki na kile. Mwenzangu mmoja wa jopo alimwuliza mara mbili, "Na wewe binafsi?" Akatabasamu, akasema, "Aa, mimi nilisaidiasaidia tu." Baadaye tukaja kusikia kutoka kwa watu waliofanya naye kazi kwamba mpango ule wa kuhamisha ulikuwa wake tangu mwanzo. Usiku wenyewe, saa nane, yeye ndiye aliyesimamisha kazi alipoona hesabu hazilingani, hali wakubwa wanapiga simu iendelee. Katika karatasi ya jopo liliandikwa neno moja tu juu yake: mshiriki. Nafasi ikaenda kwa mwingine. Nami nilijua, kwa kuwa alitaja kwa kupita tu, kwamba alikuwa akisomesha wadogo zake wawili.

Sasa sisemi tuache adabu yetu tuwe watu wa kujigamba. Mwenye kujigamba naye hatufai, na jopo humtambua mapema. Nasema kuna tofauti baina ya kujisifu na kutoa hesabu. Mweka hazina wa msikiti akisimama Ijumaa hasemi "fedha zilitumikatumika". Husema nilipokea kiasi hiki, nikanunua bati hizi kwa bei hii, zile za bei rahisi nilizikataa kwa sababu ni nyembamba, na zimebaki shilingi kadha. Hakuna anayemwona ana majivuno. Basi ndivyo utakavyosema: tatizo lilikuwa hili, njia zilikuwa mbili, nilichagua hii kwa sababu hii, wenzangu fulani walifanya sehemu ile, matokeo yalikuwa haya, na mpaka leo kuna jambo moja ndani yake ambalo silipendi. Kila mwenzako mpe haki yake, na wewe jipe yako. Tena taja tarakimu. "Tuliongeza kasi" si hesabu. "Ombi lilichukua sekunde 6, likawa linachukua sekunde 1" ni hesabu.

Kwa mtu anayejiandaa, hii ndiyo kazi ya wiki za mwanzo, na haihitaji kompyuta. Chukua daftari. Chagua kazi moja kubwa uliyoifanya kweli, uiandike mpaka chini kabisa: iliombwa na nani, kwa nini, ulikataa nini, ilivunjika lini, mlijuaje kwamba imevunjika. Aghalabu utakuta pahali ambapo hujui kwa nini mambo yalikuwa vile. Nenda ukaulize kabla jopo halijakuuliza wewe. Kisha tafuta habari nyingine mbili: moja ya siku mliyohitilafiana na mwenzako juu ya kazi, na moja ya siku kitu kilipoharibika mikononi mwako. Watu huogopa hii ya mwisho, wakaja na hadithi ambayo kosa ni la mtu mwingine. Mimi nikiwa upande wa kuuliza, mtu aliyefanya kazi miaka kumi akiniambia hakuharibu kitu, nafunga daftari langu.

Nitaje hatari moja hapa. Usibebe siri za mwajiri wako kwenda nazo kwenye usaili. Yupo aliyefungua kompyuta yake atuonyeshe kazi, tukaona majina na namba za simu za wateja halisi. Tangu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, jambo hilo si utovu wa adabu tu. Eleza umbo la kazi, acha mali za watu mahali pake.

Sasa nije kwenye swali lenyewe la uhandisi, maana hapa ndipo cheo cha juu kinapoachana na cheo cha chini. Jopo halitakuuliza lugha fulani ya programu huandikwaje. Litakupa jambo pana na kukuachia kalamu. Swali ninalolipenda mimi linaweza kutokea hapa hapa Makurunge.

Mama mmoja yupo kwa wakala pale barabarani, anamlipia mtoto ada, shilingi 20,000, kwa simu. Anabonyeza. Simu inasema subiri, halafu mtandao unakatika. Je, fedha zimekwenda?

Wanafunzi, fikirini kidogo. Yamkini ombi lake halikufika kabisa. Yamkini lilifika, likatekelezwa, ila jibu ndilo lililopotea njiani. Yamkini lipo kwenye foleni mahali fulani na litatekelezwa baada ya dakika mbili. Kwa yule mama mambo haya matatu yana sura moja: simu iliyonyamaza. Naye atafanya nini? Atabonyeza tena. Kama mtambo umeandikwa kwa uzembe, ada imelipwa mara mbili.

Mhandisi wa kawaida atasema tumkataze asibonyeze mara ya pili. Hilo haliwezekani, na mtandao wenyewe unaweza kurudia ombi bila mama kugusa kitu. Anayejua zaidi atasema: simu itengeneze namba ya pekee kabla ya kutuma, na ikirudia itumie namba ile ile. Upande wa pili pawepo daftari la namba zilizokwisha kutekelezwa. Ombi likija na namba iliyomo daftarini, mtambo usifanye kazi upya, urudishe tu jibu la kwanza. Vizuri. Mtu huyo anakaribia.

Mwandamizi huendelea mbele bila kusukumwa. Husema kule kukata fedha na kule kuandika namba daftarini lazima viwe tendo moja lisilogawanyika; ama vyote viwe, ama vyote visiwe, kwa sababu umeme ukikatika katikati yake tumerudi tulikoanza. Huuliza je, kama maombi mawili yenye namba moja yamefika kwa mitambo miwili kwa wakati mmoja? Huuliza daftari litatunzwa siku ngapi. Huuliza fedha zikivuka kampuni itakuwaje, na hili si swali la kubuni. Hapa Tanzania kampuni za Tigo, ambayo sasa inaitwa Yas, Airtel na Zantel zilianza kupokezana fedha za wateja mwaka 2014, na Vodacom ikajiunga mwaka 2016. Hapo yapo madaftari mawili ya watu wawili, na hakuna tendo moja linaloweza kuyashika yote mawili. Basi huhitajika hali ya katikati, kwamba fedha zimetoka lakini hazijapokelewa, na huhitajika kazi ya kila siku ya kulinganisha hesabu za pande mbili, na mtu mwenye jina atakayeulizwa zisipolingana.

Na kabla ya yote hayo, mwandamizi huuliza maswali yake mwenyewe. Miamala mingapi kwa siku? Tuseme jopo limejibu 1,000,000. Siku ina sekunde 86,400, kwa hiyo ni kama miamala 12 kwa sekunde. Hii ni hesabu ya kidato cha kwanza, lakini nimewaona watu wenye shahada mbili wakitoka jasho. Kisha aongeze kwamba watu hawalipi usiku wa manane kama wanavyolipa jioni ya mwisho wa mwezi, kwa hiyo tuhesabu mara kumi, 120. Kwa tarakimu hiyo huenda mtambo mmoja mzuri na wa pili wa akiba vikatosha, na yule aliyekwisha kuchora mitambo 40 ubaoni ameonyesha kwamba anapenda mitambo.

Mtu akitaka mfano wa kujifunzia kutazama kwanza, asome habari za M-Pesa. Safaricom na Vodafone walipoanza kuijaribu Kenya mwaka 2005, kwa wateja wasiofika 500, shabaha ilikuwa watu walipe mikopo midogo kwa simu. Wale wateja wakaanza kutumiana fedha wao kwa wao kwa sababu zao wenyewe. Wasimamizi wakaliona hilo, na huduma iliyotangazwa Machi 2007 ikawa ya kutuma fedha nyumbani. Kwetu Vodacom ikaileta mwaka 2008. Tena mitambo ya M-Pesa ya Kenya ilikuwa Ujerumani, ikahamishiwa Kenya mwaka 2015 tu. Kwa miaka ile, mtu wa Kisumu akimtumia jirani yake, ujumbe ulikwenda Ulaya na kurudi. Ukiweza kueleza faida na hasara za jambo hilo kwa dakika kumi, umejiandaa kuliko kukariri kitabu.

Yapo pia mafumbo ya kuandika programu mbele ya watu. Mimi siyapendi na nasema wazi kwamba hayapimi sana kazi ya mtu mzima. Mwaka 2015 Max Howell, aliyeandika programu ya Homebrew, alitangaza kwamba Google ilimkataa ingawa wahandisi wake wengi waliitumia programu yake, kwa kuwa alishindwa fumbo la kugeuza mti ubaoni. Lakini kuyachukia hakutakupa kazi. Kwa wiki sita fanya moja au mawili kila jioni, kwa kalamu na karatasi, bila kutazama jibu. Msingi wake ni mdogo kuliko inavyodhaniwa. Ukitafuta neno katika kamusi huanzi ukurasa wa kwanza. Unafungua katikati, unatupa nusu, unafungua katikati ya iliyobaki. Majina 1,000,000 yaliyopangwa vizuri utalipata lako kwa hatua zisizozidi 20. Asiyepanga atapitia yote. Sehemu kubwa ya mafumbo ni ndugu wa jambo hilo: gharama ya kupanga mapema dhidi ya gharama ya kutafuta baadaye.

Kinachotuangusha zaidi katika mafumbo ni kimya. Tulifundishwa shuleni, na walimu wetu wanisamehe, kwamba mtoto mwenye adabu hanyanyui mkono mpaka awe na jibu. Kwenye usaili kimya cha dakika tano ni giza. Jopo haliwezi kutia maksi kitu kisichosikika. Ukiwa unafikiri, fikiri kwa sauti: najaribu njia hii, naona itakuwa nzito, naiacha kwa sababu hii. Jizoeze nyumbani. Msimulie mkeo, au mdogo wako, au ukuta. Wengi wetu tunafikiri kwa Kiswahili na tunaulizwa kwa Kiingereza, kwa hiyo fanya mazoezi kwa lugha utakayoulizwa, ulimi usije ukakwama kwenye neno rahisi. Siku hizi kuna programu za akili mnemba zitakazokunong'oneza jibu pembeni ya kioo. Zitumie kujifunzia usiku. Kwenye usaili wenyewe macho ya mtu anayesoma huonekana, na swali la pili, "kwa nini hivyo?", humkuta hana kitu.

Nipite haraka juu ya mambo madogo yanayoangusha watu wakubwa. Barua ikisema 9:00 ni saa tatu asubuhi, na wapo waliokaa tayari saa tisa. Kampuni ikiwa London, sisi tuko mbele kwa saa tatu wakati wa baridi yao na saa mbili wakati wa kiangazi chao. Ukisailiwa kwa intaneti ukiwa nyumbani huku, uwe na simu yenye bando na chaji ya kutosha kando, na mwambie msaili mwanzoni kabisa kwamba umeme ukikatika utarudi kwa njia ile. Mhandisi aliyepanga njia ya pili kwa usaili wake amekwisha kujibu swali moja.

Kwa kazi za Serikali kupitia Sekretarieti ya Ajira, mambo huwa na mchujo wa kuandika, pengine vitendo, kisha ana kwa ana, nao wanataka vyeti halisi. Karatasi za matokeo ya muda hazipokelewi. Na hapa nasema na ninyi wa kidato cha nne hasa: majina yako katika cheti cha kuzaliwa, katika usajili wa mtihani na katika kitambulisho cha taifa yawe yale yale, herufi kwa herufi. Nimemwona mtu wa miaka 35 akirudishwa mlangoni, akaanza kutafuta hati ya kisheria ya jina, kwa sababu karani mmoja zamani aliandika Athumani na mwingine Othman. Kaangalieni yenu wiki hii, mwalimu wa taaluma yupo.

La mwisho ni mshahara, ambalo kwetu ni aibu kulitaja. Ukiulizwa unataka kiasi gani usijibu "chochote mtakachoona kinafaa". Anayepewa mitambo ya watu aisimamie hana budi kujua bei ya kazi yake. Ulizia mapema kwa walio kwenye kazi, na wenzetu humu msiwafiche wadogo zenu. Kumbuka kwamba tarakimu inayotajwa ni kabla ya makato: kodi ya PAYE hufika asilimia 30 kwa sehemu ya mshahara inayozidi shilingi 1,000,000 kwa mwezi, na NSSF hukata asilimia 10 ya mwajiriwa. Kampuni ya nje ikikupa mkataba wa kujitegemea, mambo hayo yote ni yako wewe kuyashughulikia, na hakuna likizo ya kulipwa isipokuwa imeandikwa.

Wazee wanaokumbuka ng'ombe wa Razaba wanaona miwa leo, na kiwanda cha sukari kilichoanza uzalishaji mwaka 2022. Malori yanapima mizigo, watu wanalipwa kwa simu. Kazi za namna hii hazipo Nairobi na Dar es Salaam peke yake, na atakayeulizwa kuzisimamia aweza kuwa amekaa humu ukumbini.

Ndugu Mwenyekiti, maneno yametosha. Kesho asubuhi kuanzia saa mbili, kabla mabasi hayajaondoka, mimi na wenzangu wawili tutakaa katika darasa la kidato cha tatu kama jopo. Kila mtu dakika 20, na baada yake tutamwonyesha karatasi tuliyoandika juu yake, neno kwa neno. Vijana wanaruhusiwa kukaa nyuma wakasikiliza, bila kucheka. Majina yaandikwe kwa Katibu kabla ya chakula.